Simba na Yanga Sebuleni Kwako

Kila mwaka kuna majuma kadhaa ambapo Ligi Kuu ya Tanzania imesimama na hakuna mechi ya kutazama, lakini ndiyo majuma ambayo mpira huzungumzwa kuliko wakati mwingine wowote. Aghalabu ni kati ya Julai na Agosti. Msimu mmoja umekwisha na mwingine haujaanza. Wachezaji wengine wanaondoka, wengine wanawasili uwanja wa ndege wakipokewa kwa ngoma na vuvuzela. Baba akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu anauliza kama yule mshambuliaji amesaini. Kijana naye ana lake la kujibu. Jirani aliyekuja kuazima nyundo anajikuta amekaa nusu saa akieleza kwa nini mwaka huu beki ya kushoto itavuja. Chakula kinapoa mezani.

Akina mama wengi huyapokea majuma haya kwa kuguna. “Wanaume hawa wana nini na mpira?” ndilo swali ninalolisikia katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, na hata kliniki ninakofanya kazi. Wengine huzima redio. Wengine huhamia jikoni wakafunga mlango.

Mama mmoja alitusimulia yaliyompata. Alichoshwa na mabishano ya kila jioni kati ya mume wake, ambaye ni Yanga, na mtoto wao wa kidato cha tatu, ambaye ni Simba. Akapiga marufuku: ndani ya nyumba yake usisikike tena mjadala wa mpira. Nyumba ikatulia kweli. Baada ya majuma machache akaona kijana anachelewa kurudi jioni. Kumbe mjadala haukufa, ulihama. Ulikuwa umekwenda kijiweni, kwenye kibanda kinachoonyesha mpira, ambako vijana wakubwa walikuwa wakimfundisha mtoto wa miaka 16 kuandika mkeka wa kubeti kwa kutumia simu na jina la mtu mwingine. Fedha iliyotumika ilikuwa ya madaftari.

Kwa sababu hiyo ninamsihi mama mwenzangu asiufukuze mjadala huu. Auelewe, aukalishe nyumbani, kisha auwekee mipaka. Usipopata kiti sebuleni utakipata kijiweni, na huko mama huna sauti.

UTANI ULIORITHIWA

Kwanza tuelewe kwa nini jambo hili lina nguvu kiasi hiki. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote jijini Dar es Salaam, na makao yao ni mitaa ya Jangwani na Msimbazi, eneo la Kariakoo na jirani yake. Simba ilijulikana kwa jina la Sunderland kwa miaka mingi, hadi mwaka 1971 ilipochukua jina la sasa. Hivyo timu hizi ni za zamani kuliko Uhuru wetu. Mtu wa miaka 40 anayeipenda mojawapo, mara nyingi aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu.

Urithi huo una kumbukumbu zake, tamu na chungu. Mzee wa Simba atakukumbusha mwaka 1977, walipoifunga Yanga mabao 6 kwa 0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Mzee huyohuyo hapendi kukumbushwa mwaka 1993, Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ugenini na Stella ya Abidjan, kisha ikafungwa 2 kwa 0 hapa nyumbani. Mei 2012 Simba waliifunga Yanga 5 kwa 0. Wanayanga walisubiri miaka 11 kujibu, na tarehe 5 Novemba 2023 wakashinda 5 kwa 1.

Unaona basi, mama, kwamba mumeo anapobishana na shemeji yako kuhusu beki wa mwaka huu, nyuma yao wamesimama baba na babu zao. Kumwambia mtu wa namna hiyo “si mpira tu” hakumtulizi. Ni kama mtu akuambie ubani na kitchen party ni kelele tu za wanawake.

WANABISHANA NINI HASA?

Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba, chini ya kelele zote, kuna maswali manne tu yanayorudiwa. Ukiyafahamu haya manne unaweza kukaa katika baraza lolote la mpira nchini, na hakuna atakayekuuliza umejifunzia wapi.

La kwanza: nani ameondoka na nani amekuja? Wao huita usajili. Chukua mfano wa Simba mwaka 2021. Walikuwa wamechukua ubingwa mara nne mfululizo, tangu msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Mwezi Agosti wakaachana na nyota wawili: Clatous Chama wa Zambia akaenda Moroko, na Luis Miquissone wa Msumbiji akaenda Misri. Wapo mashabiki waliosema klabu imepata fedha nzuri na itanunua wengine. Wapo waliosema ameondoka mtu wa kupika mabao na mtu wa kukimbia nayo, hivyo pengo ni kubwa. Msimu ule wa 2021/22 ubingwa ulikwenda Yanga, tena bila Yanga kupoteza mechi hata moja ya ligi. Mama wa nyumbani analielewa hili upesi. Ukiuza mbuzi wawili wa maziwa, noti mkononi ni nyingi, lakini kesho asubuhi watoto watakunywa nini?

La pili: uti wa mgongo ukoje? Timu ina wachezaji 11 uwanjani, lakini wajuzi hutazama kwanza mstari wa katikati: golikipa, mabeki wa kati, kiungo, na mshambuliaji wa mwisho. Mstari huo ukiwa imara, pembeni panaweza kurekebishwa. Ukiwa dhaifu, winga mzuri hafai kitu, maana atapeleka mipira kwa mtu asiyefunga, huku nyuma mlango uko wazi. Sikiliza mabishano ya jioni moja tu. Utasikia mmoja akisifu washambuliaji na mwingine akiuliza, “Sawa, na nani atakaba?” Huyo wa pili ndiye wa kumsikiliza. Kusifu mbele ni rahisi kwa sababu mabao huonekana. Kazi ya kukaba haionekani, kama vile kazi ya kufua na kupika isivyoonekana mpaka siku isipofanyika.

La tatu: kocha ni nani na amepewa muda gani? Klabu zetu hubadili makocha haraka. Baada ya zile 5 kwa 1 za Novemba 2023, kocha wa Simba, Mbrazili Roberto Oliveira, aliondolewa siku chache tu baadaye. Wapo wanaosema ndivyo inavyotakiwa. Wapo wanaosema hakuna mti unaozaa ukihamishwa kila masika. Hapa pana ubishi wa haki kabisa, na watoto wanapousikiliza wanajifunza jambo kubwa: tumlaumu mtu mmoja kwa kosa la wengi mpaka wapi?

La nne: je, kikosi kinatosha? Timu kubwa haichezi ligi peke yake. Kuna kombe la ndani, na kuna mashindano ya Afrika yanayohitaji safari ndefu za ndege. Ligi Kuu yenye timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu, na hizo za Afrika huja juu yake. Wachezaji 11 wazuri hawatoshi, wanahitajika wengine wa akiba wanaokaribiana nao. Ndiyo maana utamsikia baba akilalamika, “Kikosi cha kwanza sawa, lakini benchi halina kitu.”

Haya ndiyo yote. Yaliyobaki ni kelele na utani.

UTABIRI HUKOSEA

Baada ya maswali huja utabiri, na hapa ndipo pana somo nisilotaka mama yeyote alikose, maana linafaa kuelezwa watoto.

Rudi katikati ya mwaka 2023. Yanga ilikuwa imetoka kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifungwa na USM Alger ya Algeria 2 kwa 1 jijini Dar es Salaam, ikashinda 1 kwa 0 kule Algiers, na ikakosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mara tu baada ya furaha ile, kocha Nasreddine Nabi akaondoka. Fiston Mayele, Mkongo aliyekuwa ametetemesha nyavu kwa mabao 17 ya ligi, akahamia Misri. Feisal Salum naye akaenda Azam. Kwa hesabu ya kawaida ilikuwa nyumba iliyong’olewa nguzo tatu. Mashabiki wengi wa Simba walitamba mapema, na Wanayanga wengi waliingia msimu mpya kwa wasiwasi.

Kilichotokea kila mtu anakijua. Akaja kocha Miguel Gamondi kutoka Argentina. Wakaja Pacôme Zouzoua wa Ivory Coast na Maxi Nzengeli wa Kongo. Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, aliyekuwepo tangu mwaka uliotangulia, akapata nafasi ya kung’ara na kumaliza msimu na mabao 21. Yanga ikawa bingwa tena, na katika Ligi ya Mabingwa Afrika ikafika robo fainali mwaka 2024, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti tu.

Simba nao wamewahi kuwakosesha watu utabiri. Mwaka 2024 walianza upya na kocha Fadlu Davids wa Afrika Kusini na kundi la wachezaji wageni kwa klabu. Chama, aliyekuwa amekwisharejea Msimbazi, safari hii alivuka barabara na kwenda Yanga kwenyewe! Wengi walisema ni mwaka wa kujenga, wasitegemee kitu. Ubingwa kweli hawakuupata, ulichukuliwa na Yanga kwa mara ya nne mfululizo. Lakini kikosi hicho kipya kilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, na kikafungwa na RS Berkane ya Moroko.

Kwa upande mwingine, sifa nazo zina hatari yake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Yanga ilicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, watu wakaanza kuamini kwamba haifungiki. Tarehe 29 Novemba 2022 ikaenda Mbarali, mkoani Mbeya, kucheza na Ihefu, timu ambayo haikutajwa katika baraza lolote la mwanzo wa msimu. Ikafungwa 2 kwa 1.

Mweleze mwanao habari hii ya Ihefu. Mtoto aliyeshika mkia darasani muhula uliopita naye anahitaji kuisikia.

MKEKA: HAPA MAMA SIMAMA

Habari hiyohiyo ya Ihefu ndiyo hoja bora kuliko zote dhidi ya kubeti. Siku ile, mtu yeyote aliyeweka Yanga katika mkeka wake alidhani ameweka fedha mahali salama.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua kijana anayejua mpira kweli, ambaye katika kila mechi moja ana nafasi 6 kati ya 10 ya kupatia. Huyo ni mjuzi kweli. Sasa akiandika mkeka wa mechi 10, na masharti ni kwamba lazima zote zipatikane, nafasi yake ni kama 6 katika 1,000. Yaani akiandika mikeka 1,000 ya namna hiyo, kama 994 itachanika. Ujuzi wake wa kuchambua timu haumwokoi. Na hesabu hii anaijua vizuri mwenye duka la kubeti, ndiyo maana anafurahi kukuona unaongeza mechi.

Tazama na upande wa matumizi. Shilingi 2,000 kwa siku huonekana ni za soda. Kwa siku 30 ni shilingi 60,000. Kwa msimu wa miezi kumi ni shilingi 600,000. Mama, fikiria hiyo ingefanya nini nyumbani kwako: sare, viatu, bima ya afya, hata mtaji wa genge.

Sheria yetu hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo hii. Kwa hiyo usione aibu kumkataza mtoto, na usione aibu kumwambia mwenye kibanda kwamba huyu ni mwanafunzi. Kwa mume, maneno makali hayasaidii sana. Nimeona nyumba mbili tatu zilizofanikiwa kwa njia nyingine: waliketi mwanzo wa mwezi, wakaandika matumizi yote kwenye daftari, na kila mmoja akaona kwa macho yake fedha inakokwenda. Daftari halibishani na mtu.

Mume akishindwa kuacha, akikopa ili abeti, akificha simu au kuuza vitu vya nyumba, hilo limevuka mapenzi ya mpira. Ni uraibu, kama ulivyo wa pombe. Zungumza na mhudumu wa afya, mshauri au mzee wa kanisa mnayemwamini wote wawili, mapema, kabla kiwanja hakijauzwa.

MOYO NAO UNATAZAMA MPIRA

Kama muuguzi siwezi kupita hapa bila kusimama. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006 lililofanyika Ujerumani, madaktari wa eneo la Munich walihesabu watu waliopatwa na dharura za moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo ziliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu kuliko siku za kawaida. Wanaume waliathirika zaidi ya wanawake, na waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali ndio waliokuwa hatarini zaidi. Wengi walipatwa katika saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza.

Kwetu sisi, wanaume wengi hawajui hata presha zao. Hawaji kliniki mpaka waanguke. Basi tumia majuma haya ya mjadala, mechi za Simba na Yanga zikiwa bado mbali. Mwambie baba watoto: “Timu imepima wachezaji wake afya kabla ya kuwasajili. Na wewe kapime.” Kupima presha ni dakika tano. Ikionekana mara kwa mara ni 140 kwa 90 au zaidi, anahitaji kuonana na daktari. Kama tayari anatumia dawa, azimeze kila siku kama alivyoandikiwa, siku ya mechi isiwe siku ya kusahau. Siku hiyo apunguze chumvi, aache sigara, na pombe asiitumie kama kitulizo.

Dalili hizi zisisubiri kipenga cha mwisho: maumivu ya kifua yanayobana, hasa yakielekea mkono, shingo au taya, jasho jingi la ghafla, kukosa pumzi, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutoeleweka. Ukiona mojawapo, mpeleke hospitali wakati huohuo, hata kama anasema, “Ngoja penalti ziishe.”

ULIMI NAO UNA MIPAKA

Utani wa Simba na Yanga ni mali ya taifa letu. Watu hutaniana misibani, harusini na hata nje ya kanisa baada ya ibada, na kesho yake wanasaidiana. Uzuri wake ni kwamba anayetaniwa anacheka. Siku anapoacha kucheka, utani umekwisha na matusi yameanza.

Sikiliza maneno yanayosemwa mbele ya watoto. Kusema “kipa wenu ana mikono ya siagi” ni utani. Kumtukana mchezaji kwa nchi aliyotoka, rangi yake au mama yake mzazi ni dhambi ileile iwe uwanjani au sebuleni. Yule kipa naye ana mama mahali fulani, anayesikiliza redio. Na mtoto anayezoea kusikia baba akimwita mtu takataka kwa kukosa penalti ataogopa kumletea baba huyo karatasi ya mtihani wa Hisabati.

MAMA, VUTA KITI

Yule mama niliyemtaja mwanzoni aliondoa marufuku yake. Alimwambia mume wake wazi kilichokuwa kikiendelea kijiweni, wakakubaliana mjadala urudi nyumbani, tena naye awepo. Mambo yalikwenda hivi, kwa maneno yake mwenyewe.

Kijana alianza: “Baba, mwaka huu hamna mtu wa kufunga. Mmemwuza.”

“Mwanangu, bao halifungwi na mtu mmoja. Yule alikuwa anapelekewa mipira na nani?”

“Na huyo anayepeleka naye wanasema anaondoka.”

“Gazeti limesema, klabu haijasema.”

Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akauliza: “Na huyo mpya mnayemsifu, mmeshamwona akicheza, au mmesikia tu?”

Wote wawili wakanyamaza. Kisha baba akacheka, akasema, “Mama nanihii, kumbe wewe ndiye kocha.” Tangu siku hiyo, alisema, anaulizwa maoni.

Angalia swali lake lilikuwa rahisi kiasi gani. Ni swali ambalo tungependa watoto wetu walibebe maishani: umeona, au umesikia tu? Litamfaa binti anayesifiwa mchumba, na kijana anayeahidiwa kazi ya mshahara mnono nje ya nchi.

Wala usiwaache mabinti nje ya baraza. Mpira si wa wavulana tu siku hizi. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake barani Afrika mwaka 2022. Barbara Gonzalez aliiongoza klabu ya Simba kama mtendaji mkuu tangu mwaka 2020, mwanamke katika kiti ambacho wengi walidhani ni cha wanaume. Binti akiuliza maana ya kuotea, asijibiwe “nenda kasaidie jikoni”. Aelezwe, na kaka yake aende jikoni.

MAKUBALIANO KABLA YA MSIMU

Klabu huandaa msimu wake mapema. Simba wana Simba Day, iliyoanza mwaka 2009 na ambayo kwa desturi huangukia Nane Nane. Yanga wana Siku ya Mwananchi. Nyumba nayo iwe na siku yake moja ya kukaa na kukubaliana. Haya ni baadhi ya mambo ambayo familia ninazozifahamu wamekubaliana:

1. Fedha ya mpira, yaani jezi, kiingilio, kadi ya uanachama na king’amuzi, ijulikane ni kiasi gani kwa msimu mzima, na itoke baada ya ada, kodi na chakula.

2. Kubeti hakuna, kwa baba wala kwa mtoto. Anayetaka kutabiri aandike utabiri wake kwenye karatasi, ubandikwe ukutani mpaka mwisho wa msimu. Aliyekosea zaidi aoshe vyombo juma zima.

3. Kila mtu akisifu timu yake ataje na udhaifu wake mmoja. Akiiponda ya mwenzake ataje na uzuri wake mmoja. Watoto hulipenda sana sharti hili, na watu wazima hulipata gumu.

4. Matusi yakisikika, redio au televisheni huzimwa kwa dakika kumi, hata kama ni mechi ya watani.

5. Timu ikifungwa, hakuna anayekosa chakula, hakuna anayenuniwa, wala hakuna anayepigwa. Mama, kama nyumbani kwako kipigo hufuata kipigo cha timu, jambo hilo halihusu mpira tena. Usilifiche. Mweleze mtu unayemwamini, na nenda dawati la jinsia la polisi.

6. Mechi ikigongana na wajibu, kwa mfano kumpeleka mtoto kliniki, wajibu hutangulia. Matokeo yatasomwa kesho.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kila msimu lazima upande mmoja ushindwe, na katika nyumba yenye mashabiki wa timu zote mbili lazima kuna mtu wa kufarijiwa. Mtoto aliyezoea kuona baba akishindwa, akacheka, akampa mkono mtani wake na kusema “tutaonana mzunguko wa pili”, amepata elimu isiyofundishwa darasani.

Basi Julai ikifika na kelele zikaanza, chukua ungo wako wa mchele, vuta kiti, uwaulize: “Sawa, mbele mko vizuri. Na nani atakaba?”